Krismasi ya Wenye Zamu

Kwetu Uchagani hakuna anayeomba ruhusa ya kwenda nyumbani Desemba. Anayeomba ruhusa ni yule asiyekwenda. Uwe Dar es Salaam, Mwanza au Mbeya, uwe umepata au umekosa, ikikaribia tarehe 20 unatafuta basi la Moshi. Nauli inapanda, mabasi ya akiba yanatolewa, Dar inabaki na barabara nyeupe, na makabila mengine yanapata mwezi mzima wa kututania. Nyumbani Kilema mbuzi ameshapangiwa siku yake, mbege, pombe yetu ya ndizi, iko kwenye pipa, na shangazi anahesabu magari yanayopandisha mlima. Asiyefika mwaka mmoja anaulizwa. Asiyefika miaka miwili anaombewa.

Mwaka ule sikufika. Nilikuwa frateri, yaani mseminari anayesomea upadre, katika shirika moja la kimisionari, nimemaliza falsafa, na kwetu kabla ya kuanza teolojia kila mtu hutumwa nje ya nchi yake kwa mwaka wa kichungaji. Wenzangu wengine walipangiwa nchi za mbali, wakachomwa chanjo, wakapewa majuma ya kujifunza lugha. Mimi barua yangu ilisema Mombasa. Mama alipoisikia aliuliza, kwa ile sauti yake ya kuulizia bei sokoni, "Mombasa nayo ni umisionari?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Ukishuka kutoka Kilema mpaka Himo, ukavuka Holili, ukapita Taveta na Voi, unafika pwani kwa kilomita kama 300. Dar ni mbali zaidi. Basi likitoka Mombasa asubuhi linakufikisha Moshi jua bado liko juu. Lakini mpaka ni mpaka: pasipoti inagongwa muhuri, shilingi inabadilishwa kwa shilingi nyingine, na ukifungua mdomo tu dukani muuzaji anatabasamu na kusema, "Wewe wa Tanzania." Na mkuu wa shirika alikuwa amesema wazi kwamba sikukuu zote za mwaka wa kichungaji unazila pale ulipotumwa.

Waliokwenda mbali sana nadhani walipata nafuu fulani ambayo mimi sikuipata. Aliye ng'ambo ya bahari hulia mara moja, akazoea. Mimi kila nilipotumwa mjini nilipita Mwembe Tayari nikamsikia manamba akiita, "Taveta, Moshi, Arusha! Mmoja tu, mmoja tu!" Kiti kilikuwepo. Nauli nilikuwa nayo, kwa sababu kaka yangu alinitumia bila kuulizwa, na mimi nilijua kabisa alichomaanisha.

Parokia ilikuwa upande wa Changamwe. Asiyeijua Mombasa akisikia jina la mji huu anafikiria fukwe na Mji wa Kale. Changamwe iko bara, nje ya kisiwa, upande wa malori. Kuna matangi ya mafuta, maghala, makontena yaliyopangwa ghorofa ghorofa, na nyumba za kupanga za watu waliotoka Machakos, Kitui, Siaya, Kakamega na Taita kuja kutafuta kazi bandarini na viwandani. Desemba upepo wa kaskazi unavuma, lakini usidhani unapoza. Joto linaingia na wewe chumbani, linalala, linaamka. Nilikuwa nikioga mara ya pili kabla ya Misa ya jioni na bado kanzu ilinata mgongoni. Waumini waliniita Bruda. Kwetu ni Frateri, na mwanzoni nilipoitwa nilikuwa nageuka kuangalia anayeitwa ni nani.

Majilio, majuma ya kujiandaa kwa Noeli, yalianza vizuri. Shada la mishumaa lilikuwa mahali pake, kwaya ilikuwa na sauti zote nne, na watoto wa Utoto Mtakatifu walikuwa wakifanya mazoezi ya igizo la pango chini ya mwarobaini. Kisha shule zikiwa zimefungwa na Desemba ikisonga, watu wakaanza kupungua. Kwanza waliondoka Yosefu na wachungaji wawili wa igizo, wote ndugu, kwa basi la usiku kwenda Busia. Maria akafuata. Katika kwaya, waimbaji wa sauti ya tena walikwisha juma la tatu la Majilio, na besi akabaki mmoja, fundi wa welding mwenye mafua. Nikamwendea katekista na daftari langu.

Katekista wetu alikuwa Mgiriama wa Kaloleni, mtu mzima, amehudumu parokiani tangu Changamwe haijajengwa hivi. Aliangalia orodha yangu, akacheka kidogo. "Bruda, Krismasi watu wa hapa huenda kwao. Mjini wabaki wenye zamu." Ndiyo kusema niliwekwa kwenye mji ambao mambo yake ni yale yale ya Dar, isipokuwa safari hii mimi nilikuwa upande wa wanaoachwa. Maisha yangu yote nilikuwa ndani ya basi. Sikuwahi kumfikiria anayefunga geti basi likishatoka.

Paroko, Mkamba wa maneno machache, alinipa kazi jioni ile ile. "Tamasha la watoto liache, watoto wako bara. Nifanyie orodha ya zamu." Akanichorea mwenyewe kwenye karatasi: masoja (walinzi), bandari, hoteli, wauguzi, madereva, wagonjwa. Chini yake akaandika, na mstari juu yake, wasichana wa kazi za ndani. Nilizunguka jumuiya ndogo ndogo moja baada ya nyingine, kutoka Magongo hadi Mikindani, nikiuliza swali moja tu: wewe tarehe 24 na 25 uko wapi, saa ngapi? Nilikuwa sijawahi kuuliza waumini saa zao. Seminarini unafundishwa kutangaza saa za Misa, hufundishwi kuuliza.

Orodha ilipokamilika ilinishtua. Soja anaingia lindoni saa kumi na mbili jioni, anatoka saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo Misa ya mkesha hana. Mwanamke anayetandika vitanda kwenye hoteli za Bamburi anaondoka nyumbani saa kumi alfajiri, anabadilisha matatu mjini, anavuka daraja la Nyali, na Desemba ndiyo msimu wenyewe: wageni kutoka Nairobi wamejaa, likizo hakuna, na siku yenyewe anavalishwa kofia nyekundu ya Baba Krismasi akiwa na ndoo mkononi. Msichana wa kazi anaweza kuja kanisani iwapo tu watoto wa bosi wanakuja naye. Mpakuaji wa bandarini hajui zamu yake mpaka apigiwe simu.

Hapo ndipo kitu nilichokikariri kwa ajili ya mtihani kilipopata kazi. Kanisa halihesabu Noeli kama siku moja ikapita. Kuna oktava, siku nane kuanzia tarehe 25 Desemba hadi 1 Januari, na zote zinaadhimishwa kama sherehe ile ile, na Utukufu unaimbwa kila siku. Kisha majira yanaendelea hadi Tokeo la Bwana na Ubatizo wa Bwana, mwezi Januari. Nilijua tarehe zote hizo kama mtu anavyojua vituo vya treni asiyoipanda. Paroko alizitumia kama ratiba. Walinzi wapewe Misa ya alfajiri tarehe 25. Wauguzi tarehe 26. Jumuiya yenye watu wa hoteli, sherehe yao nyumbani iwe Jumapili ya Tokeo, msimu ukianza kupoa. "Hakuna anayesherehekea kwa kuchelewa," alisema, "kila mmoja yumo ndani ya siku." Nilimwandikia mwalimu wangu wa liturujia ujumbe kumwambia hivyo. Alijibu kwa kuniuliza kama nimeshamaliza ripoti ya robo mwaka.

Jirani yetu alikuwa bibi mmoja wa Kiislamu, mwenyeji wa Mombasa, aliyekuwa akiuza mahamri na mbaazi za nazi barazani kwake kila asubuhi. Kuanzia katikati ya Desemba biashara yake ilikuwa ndogo na kazi yake nyingine kubwa. Wapangaji wa mtaa mzima wakisafiri walimwachia funguo. Alikuwa nazo kwenye kamba moja kiunoni, chini ya leso, na kila funguo amezifunga kitambaa ili asichanganye: kipande cha kitenge chekundu cha nyumba ya fundi, lesi nyeupe ya mwalimu, kamba ya kiatu ya muuguzi. Asubuhi akishauza alizunguka kufungua madirisha hewa iingie, kumwagia maji maua, na kulisha kuku. Kuku walikuwa wengi. Kulikuwa pia na mbuzi mmoja wa familia ya Kitui, aliyefungwa kwenye mwembe wake na kula kila kilichoanikwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nyinyi sikukuu hii ni yenu au ni ya mabasi? Sisi Idi yaja, twakaa. Nyinyi yenu ikija, mwahama, mwaniachia kuku. Mchungaji wa parokia hii ni mimi, mwambie padre."

Nilimwambia. Paroko alisema ni kweli, na kwamba anamlipa kwa kumsikiliza. Nilikuja kuona kwamba haikuwa mzaha mtupu. Alipoona mlango wa nyumba moja umeguswa usiku, ni yeye aliyewaamsha vijana, na ni yeye aliyejua namba ya simu ya mwenye nyumba kwa kichwa.

Siku moja ya Majilio katekista alinichukua kwao Kaloleni kuwaona wazee, na wakati wa kurudi tukashuka Rabai. Alitaka nione. Habari za pale ni za wenzetu wa CMS, chama cha kimisionari cha Waanglikana, si za Wakatoliki. Sisi tuna wetu, mashahidi wa imani waliouawa Mombasa mwaka 1631. Lakini mtu wa Kilema akifika Rabai ana lake la kutafuta. Johann Ludwig Krapf, mmisionari wao Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844, na mwezi Julai mwaka huo huo alimzika mke wake Rosina na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846 akaja Johannes Rebmann, wakaanzisha kituo Rabai. Na mwaka 1848 Rebmann alitembea kwa miguu kutoka pale mpaka kwetu, kwa Mangi Masaki, mtawala wa Kilema, akiongozwa na Mwislamu wa Mombasa, Bwana Kheri. Tarehe 11 Mei njiani akaiona theluji ya Kilimanjaro, akaandika, na mabingwa wa jiografia wa Ulaya wakamcheka: theluji karibu na ikweta!

Hiyo niliisoma shule ya msingi, kwa sababu kwetu kila mtoto huisoma. Ambacho sikuambiwa ni kilichofuata. Rebmann alirudi Rabai akakaa. Hakuiona tena Ujerumani mpaka mwaka 1875, tayari ni kipofu, na mwaka uliofuata akafa. Karibu miaka thelathini, kwenye kilima ambacho ukisimama unaona bahari kwa mbali, na meli zinazorudi kwao zikipita. Katekista alikuwa ameketi kwenye kivuli akimenya embe la boribo kwa kisu cha mfukoni. Nilimuuliza anafikiri yule mzee alikuwa akifanya nini siku zote hizo. "Kamusi," alisema, "na kungoja watu waje." Tukala embe. Simu yangu ikalia, ilikuwa picha ya mbuzi kutoka kwa kaka.

Sikujilinganisha na Rebmann. Nilikuwa na simu.

Tarehe 23 padre anayehudumia mabaharia aliniomba nimsaidie bandarini Kilindini. Utume huo wa Kanisa, unaojulikana kama Stella Maris, ulianzia Glasgow mwaka 1920 na leo uko katika bandari nyingi duniani. Nilifikiri tunakwenda kuhubiri. Padre alipakia kwenye gari kofia ngumu mbili, fulana za kung'aa, mkoba wa Misa, rozari, na kisanduku kidogo cha waifai alichokichaji usiku kucha. "Hiki ndicho watakachokiuliza kwanza," alisema.

Meli ilikuwa ya makontena, imefunga gati usiku, na ilikuwa iondoke kesho yake. Unapanda kwa ngazi ya ubavuni inayotikisika, chini kuna ufa wa maji meusi kati ya meli na ukuta, na ukifika juu kijana mmoja anakupa daftari uandike jina na saa. Wengi walikuwa Wafilipino. Walikuwa wamefunga mkataba wa miezi tisa, na Mombasa yetu hii, pamoja na sifa zake zote, wao waliiona kama kreni nne na geti. Kushuka hawakuweza, meli siku hizi hazikai bandarini.

Kwenye chumba chao cha kulia walikuwa wametundika nyota. Wafilipino huiita parol, taa ya nyota ya Krismasi. Hii waliitengeneza kwa waya wa kuchomelea na chupa za plastiki za maji zilizokatwa vipande, ndani wakaweka balbu ya akiba ya injini. Ilikuwa nzito, imeinama upande mmoja, na mpishi aliyeitengeneza alituonyesha jinsi alivyozikunja chupa kwa pasi ili zisipasuke. Kwao kuanzia tarehe 16 hadi 24 Desemba kuna Misa tisa za alfajiri, Simbang Gabi, na yeye alikuwa akisali novena ile peke yake jikoni kabla ya kupika.

Padre aliwasha waifai. Misa ikangoja. Kwetu ilikuwa saa nne asubuhi, Manila saa tisa alasiri, na kila mtu alitafuta pembe yake. Wengine walikaa kwenye ngazi, mmoja ndani ya stoo ya mchele, mlango wazi. Nilisikia watoto wakicheka kwenye simu kwa lugha nisiyoijua. Nilimwangalia padre kuona kama ataangalia saa. Alikuwa anakula tambi alizopewa na mpishi.

Misa yenyewe ilisaliwa juu ya meza ya kulia, juu ya ule mkeka wa mpira unaozuia sahani zisiteleze. Kabla ya Komunyo redio ya mhandisi mmoja ililia kiunoni. Alisikiliza, akapiga ishara ya msalaba, akatoka mbio. Mwanzoni nilidhani ameiacha Misa. Tulipomaliza, padre hakufunga mkoba. Tulikaa. Mhandisi alirudi akiwa amenawa mikono lakini inanuka dizeli bado, akapokea Komunyo kwenye korido, karibu na rafu ya mabuti, akiwa amevua kofia. Kisha akatuuliza kama kisanduku kile bado kina chaji, kwa sababu yeye alikuwa hajaongea na mkewe.

Mkesha wa Noeli ulikwenda kama mikesha yote. Tuliuanza saa mbili usiku watu wapate matatu za kurudia, umeme ulikatika wakati wa Utukufu ukarudi, na besi wetu mwenye mafua aliimba kwa uhodari kuliko nilivyotegemea. Nusu ya sura zilikuwa ngeni kwangu: ndugu waliokuja kuoga bahari, wasichana wa kazi na watoto wasio wao.

Misa ninayoikumbuka ni ya alfajiri. Saa moja kasorobo walikuwa wameketi, wengi bado na sare zao, jaketi la bluu, buti, tochi mfukoni. Marungu yaliachwa kwenye kona ya mlango, yamesimamishwa ukutani pamoja na mwavuli mmoja. Kwa kawaida Injili ya Misa ya alfajiri huanza pale wachungaji wanapoambiana waende Bethlehemu, kwa sababu mwanzo wake umeshasomwa usiku. Paroko aliamua isomwe yote, tangu agizo la Kaisari Augusto, kwa kuwa waliokuwepo hawakuwepo usiku. Akafika pale: "Na katika nchi ile ile walikuwako wachungaji wakikaa makondeni na kulinda kundi lao kwa zamu usiku." Mzee mmoja wa benchi la pili, soja wa ghala la chai, akamsukuma mwenzake kiwiko. Mwenzake alikuwa amesinzia. Akaamka, akauliza kwa sauti iliyosikika kanisa zima, "Nini?" Na mzee akamjibu, "Tumetajwa."

Paroko alifunga kitabu, akasema homilia imeshatolewa, tusimame kwa Nasadiki.

Baada ya Misa tuliwapa chai na mahamri ya bibi jirani, aliyekuwa ameyaagiziwa na kuyakaanga tangu saa tisa usiku. Katika foleni ya chai kulikuwa na mtu mwenye ndala na shati la kitenge ambaye hakuwa soja. Alikuwa dereva wa lori, ameegesha karibu na mizani tangu jana, na alipoongea tu nikajua. Mtu wa Rombo. Tulisalimiana Kichaga, tukacheka kama wendawazimu, watu wakageuka. Alikuwa na mzigo wa Arusha na alikuwa aondoke saa mbili ile ile.

"Kiti kipo, Frateri," akasema.

Alivyosema Frateri! Nakiri kwamba kwa muda nilipiga hesabu ya vituo: Mariakani, Voi, Taveta, Holili. Ningeingia nyumbani na fujo zote zile za mtu aliyekuwa hategemewi. Nilimwambia nina wagonjwa wa kuwapelekea Komunyo saa nne, Mikindani, na mmoja wao hatakula mpaka nifike. Hilo ndilo jibu nililokuwa nalo. Si kubwa, lakini lilikuwa na saa ndani yake, na dereva ni mtu anayeelewa saa. Akasema, "Basi nipe mzigo."

Nilikuwa na haluwa ya Mji wa Kale, ile ya kufungwa kwenye kikapu, niliyoinunua kwa nia ya kuituma kwa basi nikakuta ofisi ya vifurushi imefungwa. Nikaongeza maembe, na mabuyu mekundu kwa ajili ya watoto wa kaka. Nikamwandikia namba ya mama.

Siku iliyobaki ilikwenda haraka: wagonjwa, ubatizo mmoja, usingizi mzito. Mama alipiga kesho yake jioni. Dereva alikuwa amekwama Holili kwa foleni, akafika Himo mchana, na badala ya kuuacha mzigo barabarani akapanda nao mpaka nyumbani kwa bodaboda. Wakamkalisha. Wakampa mtori, wakampa kisusio, wakampa mbege. Amelala huko huko. "Amekula sehemu yako ya mbuzi," mama akasema, "na anakula vizuri kuliko wewe." Kisha akaniuliza wale masoja ni watu wa wapi, wana watoto wangapi, na kama nani anawapikia. Nilikuwa na majibu yote, kwenye daftari. Tuliongea mpaka salio likakatika.

Jumapili ya Tokeo la Bwana tukala pilau nyumbani kwa mwenyekiti wa jumuiya, yule mama anayetandika vitanda kwenye hoteli za Bamburi. Watoto wake walikuwa wamevaa nguo mpya walizoziangalia kabatini tangu Desemba. Alikuwa ameleta mapambo yaliyotupwa hotelini, nyuzi za kung'aa zilizokatika katika, akazining'iniza mlangoni tarehe ambayo mji mzima ulikuwa unayashusha yake. Bibi jirani alikuja na funguo zake kiunoni, akakaa kwenye kiti kizuri, akalalamika kwamba chumvi ni kidogo, akala sahani mbili.

Watu wa bara walirudi shule zilipokaribia kufunguliwa, na magunia ya maharagwe, viazi, mahindi mabichi, na kuku hai miguu imefungwa. Kila aliyekuja kuchukua funguo zake barazani aliacha kitu, na kwa siku kadhaa baraza la bibi lilikuwa kama soko la Kongowea. Waimbaji wa tena na besi waliingia mazoezini wakiwa wamenenepa. Mwezi ulipokaribia kwisha, katekista alikuja ofisini amevaa shati safi, na begi. Ilikuwa zamu yake ya kwenda kwao. Akaniwekea mezani funguo za kanisa na kuanza maagizo: kamba ya kengele ni mpya, usiivute kwa nguvu, soja wa ghala la chai asipewe sukari, ana kisukari na atakuomba, mzee wa Mikindani mfikie kabla ya saa tatu, baadaye analala, ufunguo wa tabernakulo huzungushwa mara mbili kushoto. Nikaandika yote. Nje bibi alikuwa akimsubiri na kuku mmoja kwa ajili ya safari, na wakabishana mpaka matatu ya Kaloleni ikapiga honi, kwa kuwa katekista alisema Kaloleni kuna kuku wa kutosha na bibi alisema hawa si wa Kaloleni.